Sikio Moja la Baba

Bariadi, Jumamosi, Agosti 1957

Kicheko cha baba kimenikaa masikioni tangu jioni. Alikuwa akicheka uani kwa Kabula, binti wa baba mdogo, mbele ya redio yenye kipaza sauti.

Mimi nilipomnunulia baba redio, nilichagua ya visikilizio vya kuvaa kichwani. Mwenye duka alisema kipaza sauti kinakula betri, na visikilizio vina sauti safi kwa bei nafuu. Nilipima yote, nikamsahau baba.

Alivivaa mara moja tu. Jirani alipita akamsalimu, "Mwadila, baba," naye hakusikia. Alipoambiwa, alivivua kwa aibu. "Mwanangu, mzee asiyeitikia salamu ataitwa mchawi."

Tangu hapo kila jioni yuko kwa Kabula. Leo Kabula ameniambia, "Njoo na wewe, msomi. Huku hatusikilizi kwa uchoyo." Nilitabasamu, lakini wivu umeniuma hadi nimeshindwa kula. Baba ni wangu, na kile kicheko...

Nimekwisha kuukata ukanda unaounganisha visikilizio. Mwenye duka hatavipokea tena. Kimoja changu, kimoja cha baba. Sikio lake la pili nimewaachia wapita njia.