Propela ya Gari la Taata
Hamugembe, Jumamosi

Na bado anajiita mtu wa magari! Kaka yangu Rwegasira ameshinda kwenye kiti akinifundisha kufunga shokapu, na vidole vyake havijui hata harufu ya grisi.

Mimi ndiye niliyelala chini ya lile gari la michezo la marehemu Taata, baba yetu. Nimeweka springi mpya, shokapu mpya na propela, ule mhimili mrefu unaozungusha magurudumu ya nyuma.

"Usiliwashe," nikamwambia. "Nati za propela bado sijazikaza."

Nikaenda kunawa. Kurudi, mtu hayupo, na gari halipo. Alitaka majirani wamwone.

Nilimkuta kwenye mteremko wa Nyanga, propela imeanguka chini, watu wamejaa.

"Umeninunulia vipuri feki," akasema mbele yao.

Mpuuzi. Nikaingia chini ya gari palepale, nikaifunga upya, nikakaza kila nati. Kisha nikakaa kwenye usukani.

"Dada, na mimi je?"

"Bodaboda zipo."

Gari lilipita kwenye mashimo bila kulia hata kidogo.

Kesho ukoo unakaa kikao Nshamba kuamua nani arithi gari. Naogopa watampa yeye, kwa sababu tu ni mwanamume. Wampe. Lakini watamwuliza propela ni ipi, nitahakikisha.