Meno ya Shimwa

Baraka, 6 Februari 2018

Mama mpendwa,

Nakusalimu katika jina la Bwana. Habari za huko milimani, habari za ng'ombe, na kifua chako je? Mimi nimefika, lakini nimechoka. Matope hadi chini ya mlima, kisha pikipiki, na kwenye kila shimo taya lilinikumbusha kwamba lipo.

Lile gego nililokuwa nalituliza kwa karafuu limeoza hadi kwenye mzizi, na usaha umeanza kushuka shingoni. Muganga wa meno, Docteur Placide, anataka nilazwe, nichomwe sindano kwanza, uvimbe upungue, ndipo aling'oe. Kwa hiyo sirudi wiki hii kama nilivyokuahidi. Nisamehe.

Shimwa anakubali chupa? Miezi sita ni midogo kuachwa. Matiti yamejaa na yananiuma kuliko jino.

Binti yako,
Uwamwiza

Minembwe, 13 Februari

Mama Shimwa,

Salamu nyingi katika Kristo. Kifua kipo tu, tumezoeana. Barua yako ameileta Eugène mchuuzi wa ng'ombe, na ndiye anashuka na hii, maana mtandao huku umekufa tena.

Sitakuficha. Mtoto anahara, na jioni joto linapanda. Ufizi wake umevimba na ndani naona vitu vyeupe. Jirani yetu Clarisse ameangalia, akasema, "Iyo ni ibyinyo, mama, meno ya bongo, si ya kweli. Mukiiacha, itamumaliza mutoto." Yule mama mtoaji wa hayo meno bado yupo, ndiye aliyekutolea wewe ukiwa mdogo hivyo hivyo, na ulipona. Silali, mwanangu, na sina nguvu ya kubishana na kijiji kizima. Nimemwambia aje Jumamosi baada ya soko. Kama una neno, lifike kabla.

Mama yako,
Kabagwira

Baraka, 15 Februari

Mama,

Pole kwa kukesha. Leo salamu ni fupi. Jino limetoka jana, mdomo bado una pamba.

Usikubali. Nilimsomea Docteur Placide barua yako. Akaniambia nifungue mdomo tena, akagusa pale ambapo sina chonge. "Ni nani alikutosha hizi?" Nikamweleza nilivyong'olewa nikiwa mchanga. Akakaa kitandani kwangu kama mtu aliyetoka shambani, maana vinywa kama changu anaviona kila wiki. Anasema vile vyeupe ndiyo meno yenyewe, yanangoja zamu yao. Kuhara kunatoka kwenye chupa na maji. Akichokonolewa kwa ule waya wa baiskeli wa yule mama, uchafu unaingia kwenye damu, na mtoto aliyeishiwa maji hana cha kupigania.

Mchemshie maji, utie sukari na chumvi kidogo, umpe kijiko kwa kijiko. Kisha mpeleke centre de santé, wamtibu. Eugène amekubali kupanda leo leo bila kumaliza biashara yake. Nimechoka hata kulia, Mama. Mshike mtoto wangu.

Uwamwiza

Baraka, 22 Februari

Mama,

U mzima? Jumamosi imepita na sijasikia kitu. Kila anayeshuka namuuliza. Hata kama ni neno baya, liandike.

Binti yako

Minembwe, 24 Februari

Mama Shimwa,

Amani ya Bwana iwe nawe. Mtoto yuko hai. Naanza na hilo ili ukae chini.

Tulipatana baada ya soko. Yule mama alikuja asubuhi, maana aliogopa mvua ingemkuta njiani. Mimi ndiye niliyemshika Shimwa kichwa. Alikwisha kutoa ya chini, mawili, madogo kama punje za mtama, Eugène akabisha hodi. Nilisoma barua yako nimesimama, mkono una damu yake. Clarisse akasema, "Amalize tu, ya juu ndiyo mubaya." Nikamfunga mtoto mgongoni nikatoka.

Tulilazwa centre de santé. Ufizi ulioza, homa ikapanda, wakamtundikia maji. Niliomba mpaka sauti ikaisha. Jana amecheka. Muganga wa hapa anasema chini huenda atakuwa na mapengo kama yako. Ya juu yataota.

Kushuka ni haraka, kupanda ni kazi, kwa hiyo njoo taratibu. Njiani usinikasirikie, matope hayataki mtu mwenye hasira. Ukifika, nikasirikie. Nitakupa kwanza mtoto umnyonyeshe, kisha nitakaa nikusikilize mpaka umalize.

Mama yako