Ufa Usioonekana Katika Picha Ndogo

Ghorofa ya Pili, Mlango wa Tano,
Jengo la Ngazi za Chuma.
Jumanne, tarehe 9 Juni.

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati, zikitanguliwa na za mama yetu. Ni matumaini yangu kwamba kifua kilichokuwa kikikusumbua kimetulia, na kwamba huko kambini mnakopima ardhi mnalala pakavu. Sisi huku tu wazima wa mwili, mengine utayasoma.

Nimeshika kalamu kwa kuwa simu yako haipatikani, na gari linalowapelekea mahitaji na barua huondoka Alhamisi tu.

Bila shaka unaukumbuka ufa wa ukutani chumbani kwa mama, uliokuwa mwembamba kama uzi ulipokuja likizo. Ulipiga picha tatu za kwanza, kisha ukaniachia kamera na agizo la kuendelea kila Ijumaa, kutoka pembe ile ile, njiti ya kiberiti ikishikizwa juu ya ufa iwe kipimo. Nimefanya hivyo majuma kumi na manne bila kukosa. Juma la tisa njiti ilisimama yenyewe ndani ya ufa. Ijumaa iliyopita ilitumbukia, na hatukusikia ilipoangukia.

Ofisi ya majengo, tuliyoiomba ije ikague ukuta, haipokei picha ghafi za kamera yako, kwa kuwa ni nzito mno. Hivyo niliikunjua karatasi uliyoniachia, nikaketi mbele ya ile skrini nyeusi ambamo mtu huandika amri kwa maneno na mashine hutii bila kuuliza. Nakiri ilinipendeza. Katika miaka ishirini na miwili ya kuwaandikia watu barua za maombi, sijapata kutiiwa namna ile.

Amri zako zilikuwa mbili. Ya kwanza ilinakili picha zote kwenye folda ya pembeni. Ya pili, iliyopaswa kutumika humo pembeni tu, ilipunguza kila picha na kuifuta ile ghafi ili mashine isijae. Mimi, ambaye kazi yangu ni kukata maneno yanayojirudia katika barua za wenzangu, niliiona ya kwanza kuwa marudio, nikaikata. Tena pale ulipoandika upana wa nukta elfu mbili nilitia mia mbili, nikiona kwamba mwombaji hafai kumbebesha mkubwa mzigo. Mistari ikapita upesi kama mchwa, kisha kimya. Majuma kumi na manne yakawa madogo kama stempu, na picha ghafi hazipo tena.

Nilizipeleka hivyo hivyo. Afisa alizikuza mpaka zikawa vigae vitupu.

"Mzee, mimi hapa naona ukuta," alisema. "Tena msafi kuliko wa kwangu."

Akaandika kwamba hakuna kasoro. Nimempelekea picha mpya, na ufa ameuona, ila asema ufa wa zamani uliotulia haumhusu. Nithibitishe kwamba unakua. Shauri letu litasikilizwa tarehe 26.

Mama aliposikia alicheka hadi akafuta machozi. "Sasa baba, umepunguza picha au umepunguza ufa? Kama ni ufa, ahsante. Na mlango wangu nao uupunguze basi, unagoma kufunga."

Shangazi amekwisha kumtandikia kitanda kwake, lakini mama hataki. "Nihame kwa ufa ambao ofisi imeandika haupo? Watu watanicheka." Fundi cherehani aliye chini yetu alikuwa amefunga mizigo, aliposoma karatasi ya afisa aliifungua yote, akarudi kushona. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Watu wamebaki humu kwa sababu ya karatasi niliyoisababisha mimi.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima na taadhima, utafute katika mfuko wa kamera uliorudi nao huko ile kadi yenye picha zako tatu za kwanza. Usizipunguze. Usizibadili. Tia kadi yenyewe ndani ya bahasha, umkabidhi dereva mkononi.

Nisalimie shemeji na mapacha. Umwambie baba mdogo, mlio naye huko, kwamba tunamkumbuka. Mwenyezi Mungu awalinde chini ya dari mnayolalia.

Ni mimi kaka yako, nikupendaye na kukungoja,
Mwandishi wa Barua.

Tanbihi. Nilikuwa nafunga bahasha mama aliponiita. Mlango wa chumba chake uligoma kufunguka, naye yumo ndani. Nimeuvunja kwa bega pamoja na fundi cherehani. Mama ametoka bila viatu, na safari hii hakufanya mzaha. Nampeleka kwa shangazi sasa hivi. Fundi amepanda juu kugonga mlango kwa mlango, na wengine wanamwonyesha karatasi ya afisa. Kadi itume kwa shangazi. Usitumie anwani niliyoiandika hapo juu.