Tovuti ya Bi Maryamu Imefufuka

Zuhura mpwa wangu, nakusalimu toka Kizingitini, ambako bila mjomba wako biashara ya nti nzima ingekwama.

Tovuti ya mwenyeji wangu Bi Maryamu, anayouzia kamba mawe, ilikufa ghafula, na wateja wampitia huko. Programu yake ni ya bure, na wanaoitunza wajitolea tu. Nikawaandikia kwa ukali, kama mkubwa nilivyo. Kimya siku mbili! Bi Maryamu akausoma ujumbe wangu, akaniambia: "Waomba msaada na salamu huwapi? Kwani wewe huwalipa?" Nikaandika upya, nikawauliza hali na watoto. Kahawa haijapoa, bwana mmoja akajibu: "Ondoa nyongeza uliyotia mwisho kwenye programu." Nikaiondoa, tovuti ikafufuka! Nimelishwa kamba wa nazi hadi nimelegea.

Mungu akuweke, umsalimu mamako. Ila usimwambie mtu: nyongeza ile niliitia mimi, jina langu ling'are juu ya picha za kamba.