Resori za Mercedes ya Muzee

Siku ya Posho, 6 juillet 2024
Olive, binti yangu, anaolewa posho ijayo, Jumamosi, kule Mudaka. Baba yake, Donatien, ameapa: mutoto wangu ataingia kanisani ndani ya Mercedes ya marehemu muzee wangu. Mercedes yenyewe imeinama mbele sawa mbuzi anayekunywa maji — resori, zile springi za magurudumu, zimekufa. Donatien ameleta zingine, atabadilisha mwenyewe, hapa kwa parcelle, uani kwetu. Fundi wa nini? Bwana yangu anajua yote!

Siku ya kwanza, 8 juillet
Tangu asubuhi nyundo tu. Boulon, zile bolti, zimeshika kutu, Donatien anazipiga na kuzitukana. Kinywa gani ile! Mudogo wake, Bulonza, anamusaidia. Mwenye kuuza resori aliwaambia wote wawili: kabla ya kushusha kriki, ile jeki ya gari, pitisha sheni, mnyororo wa chuma, ndani ya resori, uifunge kwa shasi, kwa sababu ile chuma imebanwa na inatafuta kutoka. Donatien ameifunga na kaushu! Vipande vya mpira wa chambre à air ya gurudumu, vile tunafungia vitanda na makala ya kupikia kwa pikipiki. Nikamuambia: kaushu inavutika. Akaniambia nirudie sufuria zangu. Boulon moja imekataa. Watamaliza kesho.

Siku ya pili, 9 juillet
Damu. Damu hadi kwa ukuta. Kriki ilishuka kidogo tu, kaushu ikakatika — paa! Resori ya kuume ikaruka ikamupata Bulonza kwa taya, alikuwa amekaa mbele yake. Ikaendelea, ikatoboa mabati ya jikoni. Mimi nilikuwa nimetoka humo kuteka maji, ee Mungu! Meno yake nimeyaokota kwa vumbi. Tumemupeleka hospitali, shati ya Donatien kwa kinywa, yote nyekundu. Nikamupiga bwana yangu ngumi mbele ya majirani.

Siku ya tatu, 10 juillet
Eulalie, bibi ya ndoa ya Bulonza, alikuja na jiwe. Akapasua pare-brise, kioo cha mbele cha Mercedes. Halafu akamurarua Donatien uso na makucha. Yeye alisimama tu, mikono chini. Hakula kitu leo.

Siku ya ine, 11 juillet
Bulonza amekuja, taya imefungwa na bandeji, hawezi kusema. Hakusalimia mutu. Akaenda upande wa kushoto, akaweka kriki, akalegeza boulon, akafunga resori. Na kaushu! Kisha akaonyesha chini, pale mbele ya resori. Kaa. Donatien akakaa.

Nikakimbia ndani kutafuta sheni ya mbwa. Nimeishika, nageuka — mulango umefungwa kwa nje.

"Acha, maman Olive," ni Donatien, nyuma ya mbao. "Ni zamu yangu."

Nimepiga mateke, nimelia, nimetukana wao wawili na ukoo yao yote. Dirisha iko na vyuma. Majirani hawasikii, ao hawataki. Naandika kwa sababu nikiacha kuandika nitabaki kusikiliza tu. Amerudi kukaa pale. Sheni iko kwa magoti yangu. Kriki inashuka: kii. Inasimama. Kii.