Sauti za Juu Zilizomtoroka Popo

Juu ya duka la vitambaa,
Ghorofa ya pili, mlango wa kijani.

Jumapili, 14 Septemba.

Wifi yangu mpendwa,

Pokea salamu kutoka chumba chetu hiki kidogo ambacho nakipenda kupita kiasi. Hujambo? Nauliza kwa woga, maana najua mwili wako umetoka wapi. Mama ametuambia. Pole sana, wifi yangu, pole na tena pole. Usingizi unakuja? Chakula kinapita? Na shemeji anaendeleaje? Nasikia amejifungia uani anatengeneza viti ambavyo havikuwa vimevunjika. Mwache atengeneze.

Sisi huku miili ni mizima, tunashukuru. Mioyo ndiyo haijakaa sawa.

Mama alitufikishia na maneno yako, wala hakuyapaka sukari. Alisema ulimpigia Popo simu, ukamwambia mtoto uliyembeba tumboni hayupo tena, naye akacheka, akajibu, "Safi sana dada, safi sana!" Ukakata simu. Tangu hapo hupigi, na umesema tangu aoe, mdogo wako amegeuka jiwe, na kwamba jiwe hilo limechongwa na mkewe. Wifi, sikukasirika. Ningekuwa wewe ningesema mabaya zaidi, na kwa sauti ya kufikia majirani.

Lakini nakuandikia kukuambia jambo moja, na mengine yote katika barua hii yapo ili uliamini. Popo hakukusikia. Sisemi kwamba hakujali, wala kwamba hakuelewa. Hakusikia.

Acha nianzie mbali kidogo, univumilie, maana nikianza kumsema mume wangu sijui kufupisha.

Kazi yake unaijua kwa juujuu. Watu hudhani anapiga muziki, kumbe yeye hukusanya sauti. Anarekodi kitu, anakikata kikawa kifupi kama kupepesa jicho, anakisafisha, anakipanga na wenzake kwenye kompyuta, mpaka inakuwa maktaba nzima ya sauti. Halafu wapo watu wa nchi za mbali, wale wanaotengeneza muziki wa dansi wa kompyuta, ule wa majaribio usio na mwimbaji wala gitaa, wanaichukua na kujengea nyimbo zao. Sauti ya mlango wetu inagonga kwenye kumbi ambazo sitaziona maishani. Nikifikiria hilo nasisimka mpaka leo.

Fungate letu lote, wifi, tulilala na kinasa sauti katikati yetu kama mtoto! Alirekodi zipu ya gauni langu la harusi. Alirekodi kifuniko cha sufuria, maji ya bombani, chanuo likipita kwenye nywele zangu. Bangili zangu alizirekodi asubuhi nzima. Mara nizitikise polepole, mara nizivute hadi kwenye kiwiko, mara nizidondoshe juu ya meza. Kila sauti akaipa jina langu na namba. Niambie, nani amewahi kupendwa hivyo?

Na kila nilipoongea alinitazama mdomoni. Siyo machoni, mdomoni. Nikiwa napika ananigeuza begani taratibu ili anione ninapozungumza. Niliwasimulia mashoga zangu wakapiga kelele za wivu. Mmoja akasema, "Wa kwangu nikiongea anatazama mpira." Nilijiona malkia. Nilidhani ni mapenzi, wifi, mapenzi matupu.

Sasa sikiliza mambo yalivyoharibika.

Mwaka huu maktaba zake zilianza kusifiwa sana. Kampuni inayozisambaza ilimwandikia kwamba sauti zake zina ukali usio wa kawaida, kwamba ni fundi mwenye ujasiri. Matoazi yake yalikuwa yanachoma. Makofi yake yalikuwa kama kioo kinachovunjwa ndani ya sikio. Mimi niliziona nzuri, maana mimi hata akipiga chafya naona ni nzuri. Na kwenye muziki wa majaribio, ni nani atakayesimama aseme hapa umekosea? Kila mtu anaogopa kuonekana mshamba. Kwa hiyo kosa likapewa jina la ujasiri, likatembea miezi yote hiyo.

Maktaba ya bangili ndiyo iliyomuumbua. Kabla ya kuituma, rafiki yake mmoja wanayemwita Ndevu, anayechezesha muziki kwenye ukumbi wa dansi, aliomba kuijaribu kwenye spika kubwa. Tukaenda. Mimi nilivaa gauni jipya, nikasimama mbele kabisa, bangili zangu mkononi, nikisubiri kujisikia.

Zilipopigwa, watu waliziba masikio. Dada mmoja alichuchumaa palepale katikati ya ukumbi. Ndevu akazima haraka, akatoka kule nyuma ya mitambo yake akipaza sauti.

"We Popo, hizi ni bangili au ni sindano? Unataka kutuua wote?"

"Ni majaribio hayo," mume wangu akacheka. "Wewe umezoea besi za harusi, utayajulia wapi?"

"Majaribio ya nini, kupima kama tuna roho?"

Watu wakacheka, na yeye akacheka nao. Lakini mimi nilikuwa nimeona kitu. Wakati ukumbi mzima umeziba masikio, na mimi mwenyewe machozi yananitoka kwa uchungu wa ile sauti, mume wangu alikuwa amesimama kando ya spika, mikono mfukoni, uso umetulia kama mtu anayesubiri muziki uanze.

Kesho yake nilikaa naye kwenye kompyuta, nikamwomba azifungue tena, kwa sauti ndogo kabisa. Zilikuwa zinalia. Kwenye kioo cha kompyuta sauti huonekana kama mchoro, na bangili zangu zilionekana kama safu ya miiba. Nikamuuliza, "Unazisikia?" Hakugeuka. Akasema, "Naziona."

Basi. Nikaizima kompyuta mimi mwenyewe.

Tukaenda kwa daktari wa masikio. Akavishwa visikizi vile vya kufunika masikio, akaambiwa anyanyue mkono kila atakaposikia mlio. Nilikaa nyuma yake. Milio ya chini alinyanyua mkono vizuri kama mwanafunzi hodari. Ilipoanza kupanda, mimi nikawa naisikia ikivuja kutoka kwenye vile visikizi, wazi kabisa, na mkono wake umelala pajani. Mlio mwingine, mkono umelala. Mwingine, umelala. Wifi, nilitamani niinuke nikaunyanyue mimi ule mkono.

Daktari alisema ni miaka ya kusimama kando ya spika na kulala na visikizi vimefunguliwa hadi mwisho. Sauti za juu ndizo hutangulia kuondoka, na zikishaondoka hazirudi. Sikio la kulia limekwenda zaidi, la kushoto linalifuata. Kuna kifaa atavaa, kitamsaidia kwenye mazungumzo, lakini kwa kazi ya kukata na kusafisha sauti hakitoshi. Alituambia kwa upole, akituandikia dawa ya kusafisha masikio tu, maana nadhani alitaka tusitoke mikono mitupu.

Ndipo mume wangu akanieleza yote. Alikuwa anajua. Alianza kupoteza sauti za juu zamani kidogo, akawa anaziongeza ukali kwenye kompyuta hadi azipate, na kadiri zilivyozidi kumkimbia ndivyo alivyozidi kuziongeza. Wengine wakaita ujasiri, naye akaliacha jina hilo limfiche. Kwenye mazungumzo alitazama midomo. Na kwenye simu, ambako hakuna mdomo, alijifunza kuwa mchangamfu. "Safi sana" ndiyo anayomjibu kila mtu, mwenye nyumba, fundi bomba, kila mtu. Huisema, anacheka kidogo, halafu anatafuta sababu ya kukata.

Sauti yako wifi ni nyembamba, nzuri, ya kupanda juu. Nilipoisikia siku ya harusi, uliponitishia kwamba nikimnyima ndugu yako usingizi utakuja kumchukua na godoro lake, niliipenda. Kwake yeye kwenye simu siku hizi ni kama mtu anayeongea nyuma ya ukuta. Anajua ni wewe. Anajua unaongea. Maneno hayafiki.

Na mimi nikamuuliza swali langu. Sauti yangu, unaikumbuka, ni nzito. Shuleni waliniita Beseni, na kwenye kwaya nilisimamishwa na wavulana. Nikamuuliza, je, ndiyo sababu ulinioa? Kwa kuwa nasikika? Na kunitazama mdomoni kote kule, ni mapenzi au ni kusoma?

Alijibu kwamba ni vyote viwili. Akasema mimi ndiye mwanamke pekee ambaye akizungumza, yeye hana haja ya kukisia maneno. Nililia, wifi, sijui kwa furaha au kwa uchungu, na hata sasa ninavyoandika sijui.

Habari yako hatukuwa nayo bado. Tulidhani umetingwa tu. Mama alipokuja wiki iliyopita alisimama mbele ya Popo, akamshika kidevu kama mtoto mchafu, akamwambia, "Dada yako amepoteza mtoto, wewe unamcheka?" Safari hii Popo alikuwa anamtazama mdomoni. Maneno yalifika yote.

Sijawahi kumwona mtu akikunjika vile. Alikaa sakafuni, mgongo kwenye kabati. Alirudia, "Nilimwambia safi? Nilimwambia dada safi?" Mama naye akashuka sakafuni akakaa kando yake, na mimi nikashuka, tukakaa pale watatu kama watu waliovuliwa viti. Mama ndiye aliyenisimulia kwamba jina la Popo ulimpa wewe, kwa kuwa utotoni alikuwa anasikia kopo la sukari likifunguliwa akiwa nje anacheza. Akasimulia akicheka, halafu akashindwa kuendelea.

Nikasema nitakuandikia. Popo alikataa kabisa. Alisema afadhali umwone ana kiburi kuliko umwonee huruma, kwamba mwenye kiburi dada yake atamsamehe siku moja, lakini anayehurumiwa atasemeshwa kama mgonjwa maisha yake yote. Tukagombana, ugomvi wetu wa kwanza wa ndoa. Mimi nikanuna, yeye akanuna, tukanuna kwenye chumba kimoja ambacho ukinyoosha mguu unamgusa mwenzako. Mwishoni akasema, "Haya, andika. Ila usiniandike kama marehemu."

Basi siandiki marehemu. Maktaba ya bangili ameifuta mwenyewe, na kampuni amewaambia ukweli, bado hawajamjibu. Sasa anakusanya sauti za chini tu, zile bado zake. Geti la chuma likijifunga, pipa tupu, mashine ya kufulia ya jirani. Anaweka kiganja juu ya spika ili ashike besi. Zile za juu namwambia mimi, kwa kidole, panda, shuka, hapo inachoma. Mimi ambaye muziki huu mwanzoni niliuona kama jokofu linaloumwa! Kuna siku zinakwenda vizuri. Kuna siku nanyoosha kidole, naye anakitazama hicho kidole kwa muda mrefu, halafu anazima kompyuta na kusema twende tukatembee.

Daktari hakutuficha kwamba hata hizo za chini zitaanza kupungua. Lini, hakusema. Ndiyo maana nakuomba, wifi, usingoje hasira iishe yenyewe. Usipige simu. Njoo. Kitanda tutakuachieni wewe na shemeji, sisi tutalala chini, tumeshazoea.

Nilimuuliza Popo kama ana neno la kuweka humu. Alijaribu kuandika mwenyewe, akachana karatasi, akajaribu tena, akachana. Kisha akaniambia niandike haya, na sijayabadilisha hata kidogo:

"Dada, mambo ya mtoto hukuwahi kuniambia, maana mimi sikuwepo. Naomba uje uniambie upya, tangu mwanzo, hata kama yanauma. Ukae kushoto kwangu, unigeuzie uso. Ukimaliza ndipo nitakujibu."

Nisalimie shemeji sana, mwambie na sisi tuna kiti kimoja kibovu kinamsubiri. Wasalimie watu wote wa hapo kwenu. Mama anakusalimu, na Ndevu pia, ambaye tangu siku ile amekuwa akija kila Jumamosi kumbebea spika. Mungu akutulize moyo, akurudishie nguvu, na akufungulie njia ya kuja huku.

Mimi wifi yako anayekupenda hata ukiwa umemnunia,

Mke wa Popo.