Machungwa Niliyoyatupa Majini

Jumanne, 6 Mei. Asubuhi mawingu mazito, manyunyu hadi saa tatu, kisha jua kali.

Maji bado yametuzunguka. Kila masika kijiji chetu kinageuka kisiwa kwa wiki kadhaa, nasi tunakaa tukiangalia machungwa yakianza kuiva, tukisubiri mto upungue ili wanunuzi wa Ifakara wafike. Mwaka huu matawi yameinama kwa uzito. Ilipaswa nifurahi.

Sina raha.

Wiki iliyopita yalianguka machungwa kumi na tisa chini ya miti yangu. Nikapasua moja: funza wa nzi wa matunda. Dawa yake naijua, maana mimi ndiye katibu wa kikundi cha wakulima na ndiye niliyewasomea wenzangu: yafukiwe chini sana, au yafungwe kwenye mfuko na kuanikwa juani, kabla funza hawajaingia udongoni na kugeuka nzi wa kutoboa machungwa mengine. Lakini kila shimo nililochimba lilijaa maji. Mifuko miwili mitupu ya mbolea ninayo, naitunza kwa ajili ya mavuno. Niliona uchungu kuitumia.

Nikayatupa majini. Mto utayachukua, nilijiambia.

Leo nimepita kwa Bibi Leokadia, jirani yangu wa upande wa chini. Ana michungwa mitano tu, na ndiyo anayoitegemea tangu mumewe afariki. Nikamwamkia.

“Marahaba, katibu! Njoo uone. Mungu ananiletea machungwa kwa maji, hata mtini sipandi!”

Ameyaokota na kuyarundika chini ya mchungwa wake mkubwa, atampa nguruwe wake. Nilihesabu kwa macho. Kumi na tano, labda kumi na sita. Mengine tayari yana matundu, funza wameshatoka na kuingia udongoni.

“Mbona unayakodolea macho? Unanionea wivu?”

Nikacheka naye. Nikaaga.

Ningeweza kusema pale pale. Niliogopa tu kwamba hataniita tena katibu kwa sauti ile. Nimetafuta sababu nyingine jioni nzima, sijaipata.

Mifuko nimeikunjua, iko mlangoni pamoja na jembe. Kukipambazuka nitakwenda, na nitamwambia machungwa yale ni ya kwangu, mimi ndiye niliyeyatupa, kabla sijainama kuokota hata moja. Udongo wa chini ya ule mti nitauchimbua wote, yeye akiwa amesimama ananitazama.

Saa saba kasorobo usiku. Sasa nalala.